Viwavijeshi wa kijani na weusi: ni wadudu wawili au mmoja? Ni vinasaba au mazingira?

MkulimaKongwa

Habari za majukumu wakuu. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa wadudu, maana hapa nyumbani mjadala umekuwa mkubwa na kila mtu anavutia kwake.

Tunalima mahindi na uwele upande wa Kongwa. Mwanzoni mwa Januari, mahindi yakiwa na majani manne matano, niliona viwavi wachache kwenye nyasi za mpakani. Walikuwa wa kijani kilichofifia, wamejificha chini kwenye mashina, ukimgusa mmoja anajikunja tu. Baba akasema hao ni wadudu wa nyasi, niendelee na palizi. Katikati ya mwezi zikapiga mvua kubwa, na haukupita muda mrefu nikakuta shamba limejaa viwavi weusi tititi wenye mistari ubavuni. Hao hawajifichi, wako juu ya majani mchana kweupe, na wakimaliza sehemu moja wanahama kwa pamoja. Mahindi ya upande wa chini yamebaki uti wa jani tu.

Bwana shamba alikuja, nikamwonyesha wa kijani niliowabakiza kwenye kopo na hawa weusi. Akasema ni mdudu mmoja. Baba hakubali. Mdogo wangu yuko kidato cha nne, naye anasema rangi inatoka kwenye vinasaba, kwa hiyo lazima ziwe koo mbili, kama ng'ombe mweusi na mwekundu.

Nani yuko sahihi? Na kama ni mdudu mmoja, mweusi akizaa anazaa weusi?

JembeNaMbegu

Pole sana mkuu. Kabla ya yote hakikisha si kiwavijeshi vamizi, yule aliyeingia Afrika 2016 na kwetu mwaka uliofuata. Angalia karibu na mkia: kama kuna madoa manne meusi yamekaa kama pembe za mraba, ni vamizi. Huyo hujichimbia ndani ya moyo wa mhindi na hatembei kwa makundi makubwa. Kwa maelezo yako naona ni yule wetu wa siku zote.

MamaWaNondo

Mwanangu MkulimaKongwa, mfikishie mzee shikamoo yangu, na umwambie kwa heshima kwamba bwana shamba amesema kweli. Mdudu ni mmoja.

Kabla sijaingia kufundisha baiolojia sekondari nilifanya kazi ya kulea viwavi hawa kwenye maabara moja kanda ya kaskazini, na jambo hili nimeliona kwa macho yangu mara nyingi. Unachukua mayai ya nondo mmoja, yule kipepeo wa usiku anayezaa viwavi hawa; yaani ni watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Wakianguliwa unawagawa. Baadhi unawaweka mmoja mmoja, kila kiwavi na kichupa chake na majani yake ya mahindi. Wengine unawarundika kwenye chupa moja. Chakula kilekile, chumba kilekile, joto lilelile. Siku za mwanzo huwezi kuwatofautisha. Wakishajivua ngozi mara mbili tatu, waliorundikana wanakuwa weusi na hawatulii, wanapanda juu ya jani na kuzungukazunguka. Ndugu zao waliokaa peke yao wanabaki kijani au hudhurungi, wazito, wamelala chini ya jani. Mgeni akiingia maabara ataapa kwamba ni wadudu wawili, na kitu pekee kilichowatofautisha ni kukaa pamoja na kugusana.

Kwa nini kiwavi ahangaike kubadilika hivyo? Hapa ndipo napenda wanafunzi wangu wakae kimya wafikiri. Kiwavi aliye peke yake kwenye nyasi, adui yake mkubwa ni jicho la ndege. Kijani kinamficha, na kulala chini kunamficha zaidi. Sasa mweke kwenye shamba ambalo kila jani lina wenzake kadhaa. Kujificha hakuna maana tena, ndege kama korongo weupe wanaokuja toka Ulaya wanawafuata makundi kwa makundi. Hatari mpya ni ugonjwa. Kuna virusi vinavyowaua viwavi hawa kikatili: kiwavi anapanda juu ya jani, ananing'inia, mwili wake unageuka uji na uji ule unadondokea majani ambayo wenzake watakula. Kwenye msongamano virusi hivyo vinafyeka. Watafiti walipowalisha virusi viwavi waliolelewa kwenye msongamano na waliolelewa wapweke, wale wa msongamano walihimili zaidi. Mwili unausoma ule msongamano kama onyo, unajiandaa kabla ugonjwa haujafika. Weusi wenyewe ni melanini, na melanini ni sehemu ya kinga ya mdudu: vimelea vikiingia mwilini vinazungukwa na kuzibwa kwa kitu hichohicho. Tena mweusi juani anapata joto haraka, na kwa mdudu joto ndiyo mwendo wa kukua.

Kwa hiyo swali la vinasaba au mazingira. Mdogo wako amekosea kidogo tu, na ni kosa ambalo hata vitabu vyetu vya shule vinalichochea. Kiwavi harithi weusi wala ukijani. Anarithi kanuni: ukiwa peke yako fanya hivi, ukigusanagusana na wenzako fanya vile. Kanuni hiyo imeandikwa kwenye vinasaba, na kinachoamua upande upi utekelezwe ni mazingira. Wote wa kopo lako wana kanuni nzima, pande zote mbili.

Na jingine, wale weusi wako huenda si wale wa kijani waliogeuka. Nondo wa viwavijeshi husafiri usiku kwa upepo, na mvua za dhoruba huwakusanya washuke sehemu moja. Wakitaga hapo kwa wingi, watoto wanaanguliwa wakiwa tayari kwenye msongamano. Ndiyo maana ulipata mvua kubwa kwanza, kisha jeshi.

MkulimaKongwa

Nashukuru sana mama. Nimemsomea baba, amenyamaza, ameuliza jambo moja tu: hao wachache wa kijani, mtu ahangaike nao au asihangaike?

MamaWaNondo

Wachache wa kijani hawatakumaliza, ila kuwaona ni habari njema kwako kwa sababu umejua mdudu yupo eneo lako. Kuanzia hapo kagua kila baada ya siku mbili, hasa baada ya mvua, na ukague kwenye nyasi na chini ya mashina, kwa sababu viwavi wadogo hawaonekani juu. Uliza ofisi ya kilimo kama mitego ya nondo imekamata wengi wiki hizo. Kiwavi hula kidogo sana akiwa mdogo. Sehemu kubwa kabisa ya chakula chake anaila kwenye hatua ya mwisho kabla hajaingia ardhini kuwa pupa. Ukimkuta angali mdogo umeokoa shamba. Ukimkuta mkubwa na mweusi, dawa utakayopiga inamkuta ameshashiba.

Kaskazini_Isiolo

Salamu kutoka Kenya. Haya maelezo yamenirudisha kwa nzige wa 2020. Waliingia nchini mwisho wa Desemba 2019, na huku kwetu tukawaona Januari wakiwa rangi ya pinki, wingu zima. Wazee wakasema hawajawahi kuona kitu kama hicho, na serikali ilisema ni uvamizi mbaya kuliko wote kwa miaka 70. Baadaye wale waliobaki wakawa njano. Halafu tukaona watoto wao wasio na mabawa, njano na nyeusi, wakitembea ardhini kama askari. Kabla ya hapo, mimi nikichunga kila siku nilikuwa naona panzi mmoja mmoja wa kijivu au kijani na sikujua kama anahusiana na hao. Je, ni hadithi ileile ya viwavi?

MamaWaNondo

Ni ileile, kaka, tena kwa nzige ndiko ilikogunduliwa kwanza. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu waliwapa nzige wa peke yake na nzige wa kundi majina mawili ya kisayansi kana kwamba ni spishi mbili, kosa lilelile la mzee wetu wa Kongwa. Mwaka 1921 Boris Uvarov, mtaalamu wa wadudu aliyetoka Urusi akafanya kazi London, alionyesha kwamba ni mdudu mmoja mwenye hali mbili.

Hao pinki mliowaona walikuwa wazima ambao hawajakomaa kuzaa, na njano ni walewale waliokomaa. Wale wadogo waliotembea ardhini ni tunutu. Panzi wako wa kijivu wa siku zote anaweza kabisa kuwa nzige wa jangwani katika hali yake ya upweke: anaruka usiku, anawakwepa wenzake. Kitu kinachomgeuza ni kusukumana. Mvua inanyesha jangwani, majani yanaota, nzige wanazaana. Jangwa likikauka wanabanana kwenye vijani vichache vilivyobaki. Wakibanana wanagusana miguu ya nyuma. Watafiti walichukua nzige mpweke wakawa wanamsugua paja la mguu wa nyuma kwa brashi laini, na ndani ya saa chache akaanza kuwafuata wenzake badala ya kuwakimbia. Mwaka 2009 watafiti wa Oxford na Cambridge walionyesha kwamba kinachofanya kazi humo ni serotonini, kemikali hiyohiyo iliyomo kwenye ubongo wako na wangu. Wakiizuia, nzige hageuki hata akibanwa. Wakimwongezea, anageuka hata akiwa peke yake.

Kile kizazi kilichofika kwenu kilianzia mbali. Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu mwezi Mei na Luban mwezi Oktoba, vilimwaga mvua kwenye Jangwa Tupu la Arabuni, upande wa mipaka ya Oman, Yemen na Saudia. Ndugu zetu walioko Salalah, kule Oman, wanaukumbuka Mekunu. Nzige walizaana kule kizazi baada ya kizazi, hakuna aliyewaona.

Nzige ana jambo moja linalozidi la viwavi: rangi inabadilika taratibu kuliko tabia, na mama aliyeishi kwenye msongamano anataga mayai yanayotoa watoto weusi na wakubwa zaidi, tayari kwa maisha ya kundi. Mazingira ya mama yanamfikia mtoto kabla hajaanguliwa. Hilo linajibu na swali la pili la MkulimaKongwa, angalau kwa nzige: mama anaweza kumwelekeza mtoto. Lakini kizazi kimoja au viwili vikilelewa kwa upweke, hali ya kundi inafifia.

Mchunguzi_Temeke

Mwalimu, naomba nikupinge kwa heshima. Tukisema mazingira yanabadilisha rangi, na mama anampa mtoto, si tunarudi kwa Lamarck, yule mwanasayansi wa zamani aliyedhani mtoto hurithi alichokipata mzazi kwa juhudi zake, na twiga wake kurefusha shingo? Tulifundishwa mageuko ya viumbe yanahitaji vinasaba vibadilike. Kiwavi akiwa mweusi leo na kijani kesho, hakuna kilichobadilika kwenye DNA. Hiyo ni kinyonga tu, mageuko yako wapi?

MamaWaNondo

Ndugu Mchunguzi, swali zuri sana, na ndilo lililonifanya niipende kazi hii. Uko sahihi kwamba mabadiliko ya siku moja si mageuko. Swali la mageuko ni: ile kanuni yenyewe ilitoka wapi, na inaweza kubadilika? Kuna jaribio moja ningetaka kila mwanafunzi wa kidato cha sita alijue.

Amerika kuna kiwavi mkubwa wa tumbaku, jina lake la kisayansi ni Manduca sexta. Kwa kawaida ni kijani, joto kwa baridi. Wamo wachache maabarani wenye kasoro ya kinasaba inayowafanya weusi, kwa sababu homoni moja inayotoka kichwani ni pungufu. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Yuichiro Suzuki na Fred Nijhout, waliwachukua hao weusi wakawapa joto kali la nyuzi 42 kwa saa chache, katika hatua moja kabla ya ile ya mwisho. Walipojivua ngozi, wengi walibaki weusi, lakini baadhi walitoka na ukijani kidogo, na wengine ukijani zaidi. Joto lilikuwa moja kwa wote. Kilichotofautiana ni vinasaba vya kila mmoja, tofauti ambazo zilikuwemo siku zote ila hazikuwa zinaonekana.

Sasa wakafanya kama anavyofanya mfugaji. Walioitikia joto kwa kuwa kijani wakazalishwa wao kwa wao. Wasioitikia wakazalishwa wao kwa wao. Baada ya vizazi 13, ukoo wa kwanza ulikuwa na kanuni mpya kabisa: chini ya nyuzi 28.5 kiwavi ni mweusi, juu ya hapo ni kijani, bila kuhitaji tena ule mshtuko wa joto. Ukoo wa pili ukabaki mweusi hata ukiuchemsha. Ripoti ilitoka 2006. Hakuna kiwavi aliyejitahidi akampa mtoto juhudi zake, kwa hiyo Lamarck hayumo. Mazingira yalifanya kazi mbili: yalifichua tofauti zilizojificha, na kisha uteuzi ukachukua zile zilizofaa. Vinasaba vilibadilika kweli, vizazi 13 tu. Na kilichobadilika ni namna ya kuyaitikia mazingira.

Utasema hiyo ni maabara. Haya, twende nje. Kuna mbawakavu mdogo wa nchi za Mediterania anayefukia mavi ya ng'ombe, Onthophagus taurus. Dume akilelewa kwenye mavi ya kutosha anakuwa mkubwa na anaota pembe mbili ndefu za kupigania majike mlangoni mwa shimo. Akipata mavi kidogo anakuwa mdogo, haoti pembe, anaingia kwa kunyemelea. Pembe zinategemea chakula, mazingira matupu, sivyo? Mbawakavu hao walipelekwa Australia kwa makusudi wakale mavi ya mifugo, na Marekani wakaonekana mwaka 1971. Chini ya miaka 40 baadaye wakalinganishwa. Australia Magharibi, ambako madume wanasongamana sana kwenye kila lundo, dume lazima awe mkubwa zaidi ndipo aote pembe. Mashariki ya Marekani, ambako ni wachache, anaota akiwa mdogo. Walipolelewa wote maabara moja kwa chakula kimoja tofauti ikabaki palepale. Maana yake ile alama ya "kuanzia hapa ota pembe" imesogea kwenye vinasaba.

Na kuna upande ambao mazingira hayamgusi mnyama mmoja mmoja hata kidogo, yanachagua tu nani abaki. Tembo wa Gorongosa, Msumbiji. Wakati wa vita vya 1977 hadi 1992 waliwindwa kwa ajili ya pembe. Majike wasio na pembe kabisa walikuwa asilimia 18.5 kabla ya vita. Baadaye wakafika asilimia 50.9. Hakuna tembo aliyepoteza pembe kwa hofu. Waliozaliwa bila pembe walikuwa wamo tangu zamani, wawindaji hawakuwa na haja nao, wakabaki kuzaa. Utafiti wa 2021 ulionyesha kinasaba kinachohusika kiko kwenye kromosomu X na kinaua watoto wa kiume, ndiyo maana wasio na pembe ni majike tu. Hilo linaniumiza kila nikilifundisha.

Mchunguzi_Temeke

Nimeelewa mwalimu. Hasa hapo pa tofauti zilizojificha. Nitaitafuta hiyo ya Duke niisome mwenyewe.

AsaliYaSikonge

Mimi mfugaji wa nyuki, Tabora. Naomba nijumlishe langu hapahapa. Nyuki wetu ni wakali mno, mwaka jana walitaka kumuua mbuzi wa jirani. Nimesikia Kenya milimani kuna nyuki wapole, weusi weusi. Nikileta makundi yao huku watabaki wapole au joto la Tabora litawageuza? Maana kwa mnavyoeleza mazingira ndiyo yanaamua.

MamaWaNondo

Kaka, nyuki ni darasa zuri kwa sababu mzinga mmoja una majibu yote mawili.

Malkia na kibarua: yai ni lilelile. Buu atakayekuwa malkia analishwa maziwa ya nyuki kwa wingi mpaka mwisho, yule wa kibarua anapunguziwa baada ya siku tatu hivi za mwanzo. Malkia anatoka siku ya 16 na ovari zimejaa, kibarua siku ya 21. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walizima kimeng'enya kimoja kinachoweka alama juu ya DNA ya buu, na wengi wa mabuu hao wakatoka na umbo na ovari za malkia. Hapo chakula ndicho kinachoongea na vinasaba.

Nyuki wa milimani ni habari nyingine. Watafiti walilinganisha jenomu, yaani DNA yote, za nyuki wa Mlima Kenya na Mlima Elgon na wale wa nyika za chini. Karibu jenomu yote haitofautiani, wanachanganyika siku zote. Isipokuwa vipande viwili, kimoja kwenye kromosomu ya 7 na kingine ya 9. Humo nyuki wa mlimani wana toleo lao, na ni lilelile kwenye milima yote miwili ingawa iko mbali. Ndani ya vipande hivyo kuna vinasaba vya vipokezi vya oktopamini, kemikali inayohusika na namna nyuki anavyojifunza na kutafuta chakula. Kwa hiyo huenda sehemu kubwa ya ule upole wanaurithi, na joto la Tabora halitaufuta kwa msimu mmoja.

Lakini usiwalete. Malkia hupandwa angani na madume wengi, na madume wa Sikonge ni wale wakali wako. Malkia wa pili au wa tatu atakuwa ameshachanganya. Na hao wa mlimani wamechaguliwa na baridi na misitu ya juu, hawakuchaguliwa na kiangazi chako cha miombo wala na siafu wako. Ukali ule ndio umewaweka hai nyuki wa Tabora. Ukitaka kupunguza, anza na ulio nao: angalia mizinga ipi ni mipole kidogo kuliko mingine, gawa makundi kutoka hiyo, na makundi yanayokufukuza mpaka nyumbani usiyagawe. Sogeza mizinga mbali na njia ya mifugo, na uvune jioni.

AsaliYaSikonge

Ipo miwili ambayo nafungua na moshi kidogo tu. Nitaanza na hiyo. Mbuzi alipona.